Silinda Mbili Zinazoelekeana: Historia ya Pikipiki ya Max Friz



Habari Njema ilifika katika inchi zetu kwa miguu, kisha kwa baiskeli, na baadaye kwa pikipiki. Wakristu wengi wanajua mlio wa moto ya padri toka mbali, lakini ni wachache waliojiuliza namna gani chombo kile kinafanya kazi yake. Kwa hiyo, katika kitabu hiki cha Jubile, tumeona vema kueleza historia ya pikipiki moja yenye silinda mbili, ile BMW R 32 iliyotokea Ujerumani mwaka wa 1923. Tumeichagua kwa sababu mpango wake umedumu zaidi ya miaka mia moja.

Kiwanda cha BMW, katika mji wa München, kilikuwa kikitengeneza moteri za ndege wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Ujerumani iliposhindwa, mapatano ya Versailles ya mwaka wa 1919 yalikataza kwa muda kutengeneza ndege na moteri zake. Mafundi walibaki na ujuzi mwingi lakini bila kazi. Ndipo walipotengeneza moteri ndogo ya silinda mbili zinazotazamana, wakaiuza kwa viwanda vingine vya pikipiki. Moteri hiyo ilifungwa pia katika pikipiki iliyoitwa Helios, silinda moja ikikaa mbele na nyingine nyuma. Hapo taabu ikaonekana: silinda ya mbele ilipata upepo na kupoa, lakini ile ya nyuma, iliyofichwa, ilizidi kupata moto.

Mhandisi Max Friz, aliyekwisha kuchora moteri za ndege, alipewa kazi ya kuunda pikipiki mpya. Yeye aliigeuza moteri, silinda moja ikatokea kuume na nyingine kushoto. Tangu hapo zote mbili zilipata upepo sawasawa. Tena faida ya pili ikafuata: chuma kikuu kinachozungushwa na pistoni sasa kililala kwa urefu wa pikipiki. Basi Friz aliliunga sanduku la vitesi moja kwa moja nyuma ya moteri, na kutoka hapo akapeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma kwa chuma cha kuzunguka, yaani kardani. Hakukuwa tena na mnyororo wa kukatika, kulegea au kujaa matope.

Inafaa tutazame ndani ya moteri yenyewe. Pistoni mbili zinatoka nje pamoja na kurudi ndani pamoja. Moja inaposukuma kuume, nyingine inasukuma kushoto kwa nguvu ileile. Hivi msukumo wa moja unazimwa na msukumo wa mwenzake. Unabaki mtikisiko mdogo tu, kwa kuwa silinda hazikai kabisa kwenye mstari mmoja. Vilevile esansi haiwaki katika silinda zote kwa wakati mmoja: zinapokezana, mara moja kwa kila mzunguko. Kila silinda ilikuwa na upana wa milimita 68, na pistoni ilitembea milimita 68. Ujazo wa zote mbili ni sentimita za ujazo 494. Nguvu yake ilikuwa ya farasi 8.5, uzito kilo 122, vitesi tatu, na mwendo wa karibu kilometa 95 kwa saa. Mafuta ya moteri yalizunguka ndani na kutumika tena, wakati pikipiki nyingi za siku zile ziliyapoteza njiani.

Hata hivyo, haikukosa udhaifu. Silinda zinazotokeza pembeni zinaweza kugonga jiwe katika njia nyembamba, na pikipiki za kwanza zilikuwa na freni ya nyuma tu. Lakini watu waliipenda: zaidi ya 3,000 zilitengenezwa mpaka mwaka wa 1926. Wengine nao wakafuata mpango wa silinda zinazoelekeana. Ubeljiji, kiwanda cha FN cha Herstal kilitoa M 12 mwaka wa 1937, na Warusi wakatoa M-72 mwaka wa 1941. Kwa huzuni tunasema kwamba pikipiki hizo mbili zilitengenezwa kwa ajili ya majeshi.

Lakini chombo kinatii mkono unaokiongoza. Mwaka wa 1925 Padri Otto Fuhrmann, mmisionari, alikufa kwa ugonjwa kusini-magharibi mwa Afrika, mbali na mganga. Rafiki yake Padri Paul Schulte, aliyekuwa rubani vitani, alianzisha mwaka wa 1927 shirika la MIVA ili kuwapatia wamisionari magari, pikipiki, mashua na ndege.

Ndugu wapenzi, kidole kimoja hakivunji chawa.  Friz aliona kwamba silinda ya nyuma inaungua, akaipatia pahali pa kupumua. Katika parokia zetu vilevile, vijiji vya mbali na wakatekista wao wanabeba mzigo uleule, walakini upepo hauwafikii. Jubile si nyimbo na karamu tu. Itakuwa Jubile ya kweli ikiwa tutajiuliza nani amekaa nyuma, na ikiwa tutageuza mpango wetu kwa ajili yake.

Tunawatakia wote Jubile yenye baraka.