Uraia wa Bidhaa, Si Uasilia Wake

Mezani kwangu umetua mwongozo wa wauzaji bidhaa nje, uliofasiriwa kwa Kiswahili ili kuwaandaa kwa soko la Uingereza iliyojitenga na Umoja wa Ulaya. Ukurasa kwa ukurasa unamwambia mkulima wa maua na muuza chai kwamba bidhaa yake sharti itimize "kanuni za uasilia" (kwa Kiingereza, rules of origin). Kwingine ni "uasili", kana kwamba mfasiri mwenyewe hakuamua. Msomaji asiye na hatia atadhani Waingereza wamechoshwa na mbolea ya chumvichumvi. Asilia kwetu ni dawa ya mizizi, ni mbegu za mababu, ni mafuta ya nazi ambayo hayajachakachuliwa. Ofisa wa forodha pale Dover hana haja na lolote kati ya hayo.

Dhana yenyewe sitaieleza. Anayesafirisha mzigo anaijua, na asiyesafirisha haimkoseshi usingizi. Ninachogombana nacho ni jina.

Asili ni neno la Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni shina au mzizi. Kiswahili kimelikuza: asili ya mtu ni ukoo wake, asili ya jambo ni chanzo chake, tabia ya asili ni ile isiyofundishwa na mtu. Maana zote hizo zinahusu kitu kilichokuwapo kabla serikali haijatia mkono. Wapo wanaopendelea chimbuko (nawajua, nao wananijua). Hao wamepotea zaidi. Chimbuko linatokana na chimbuka, nalo limetoka kwenye chimba: maji yanatokeza ardhini bila kuomba ruhusa. Mto Naili una chimbuko. Shati lililoshonwa Leicester kwa kitambaa kilichofumwa Uchina, chimbuko lake tulichimbe wapi? Mkataba wa Biashara na Ushirikiano kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika Januari 1, 2021, unalijibu swali hilo bila kutazama ardhi: kushona peke yake hakutoshi, kwa hiyo shati hilo likivuka kwenda Ufaransa halihesabiwi kuwa la Uingereza, na linatozwa ushuru.

Kuhesabiwa kuwa bidhaa ya nchi fulani ni hadhi, na hadhi hutolewa na sheria. Neno letu la hadhi ya namna hiyo tunalo tangu zamani, nalo ni uraia.

Tuliangalie vizuri. Raia pia ni wa Kiarabu, kutoka kwenye mzizi wa kuchunga. Mwanzoni raia ni kundi la mifugo lenye mchungaji, kisha watu walio chini ya mtawala, na hatimaye mwananchi mwenye haki zake. Katika safari yote hiyo jambo moja halikubadilika: raia ana mamlaka inayomtambua, inayomhesabu, na inayoweza kumkana. Sheria ya Tanzania inajua uraia wa namna tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajinisi. Sasa fungua mkataba ule wa Uingereza na Ulaya, nawe utakuta milango mitatu. Wa kwanza ni wa bidhaa iliyopatikana yote nchini, kama ngano iliyovunwa hapo. Huo ni uraia wa kuzaliwa. Wa pili ni wa bidhaa iliyotengenezwa kwa malighafi zenye hadhi hiyo tayari. Huo ni wa kurithi. Wa tatu ni wa bidhaa yenye malighafi za kigeni ambayo imetimiza masharti yaliyoandikwa, yaani tajinisi. Gari la petroli, kwa mfano, vipuri vyake vya kigeni visizidi asilimia 45 ya bei ya kiwandani. Gari la umeme limeongezewa hadi asilimia 60, ahueni iliyokuwa iishe mwaka 2023 ikasogezwa hadi mwisho wa 2026, maana viwanda vilikuwa bado vinategemea betri za Asia. Likishindwa, ushuru wake ni asilimia 10. Uasilia utaniambia nini hapo? Gari halibadiliki asili tarehe ya mwisho ikisogezwa.

Na raia anaweza kuupoteza uraia. Kampuni ya Marks & Spencer ililijua hilo mwanzoni mwa 2021 kwa pipi zake za Percy Pig. Zinatengenezwa Ujerumani, zinaletwa Uingereza, kisha baadhi zinapelekwa maduka ya Ireland. Ghala la Uingereza haliwezi kuzifanya za Uingereza, kwani kuhifadhi na kubandika lebo si kazi ya kutosha. Nazo zikirudi Ulaya, Ulaya haizitambui tena kuwa zake. Pipi iliyozaliwa ndani ya Umoja inarudi nyumbani ikiwa mgeni, inalipa. Wafanyabiashara wengine waliona bora wafungue maghala barani, mzigo usipite Uingereza kabisa.

Waridi la Naivasha lilikabiliwa na shida hiyohiyo. Kwa mkataba ambao Kenya na Uingereza zilitia saini Desemba 8, 2020, ua likitoka Nairobi moja kwa moja halilipi ushuru. Likipitia mnada wa Uholanzi, hadhi hiyo haikulisaidia, asilimia 8 ikadaiwa, mpaka Uingereza yenyewe iliposimamisha ushuru huo kwa maua yote mwezi Aprili 2024, kwa miaka miwili.

Haya niliyawasilisha mbele ya jopo la istilahi ambalo kwa adabu silitaji. Mjumbe mmoja alisema uraia ni wa watu. Meli je, si ina utaifa wake na bendera yake? Na kampuni, sheria si inaiita mtu? Mwingine, aliyejiona mcheshi, aliuliza kama sukari ikiwa ya kiraia ipo pia ya kijeshi. Wakacheka, na katika kicheko hicho uasili ukapita. Jopo hilohilo ndilo lililotupa "ulimbikizaji" kwa utaratibu wa kuhesabu malighafi za mwenzako kama zako, ambao Uingereza na Ulaya wameruhusiana wao kwa wao tu, hata kipuri cha Japani au Uturuki hakimo. Mtumishi yeyote wa umma anajua malimbikizo ni mishahara ambayo hajalipwa. Nilipendekeza ujumuishaji, kumbukumbu za kikao hazionyeshi kwamba nilikuwapo.

Kwa matumizi: cheti cha uraia wa bidhaa ni kile kinachotolewa na mamlaka au chemba ya biashara, tamko la uraia ni maneno ambayo muuzaji wa Uingereza au Ulaya huyaandika mwenyewe kwenye ankara, akahifadhi ushahidi wake miaka minne.

Wahariri hawahitaji kibali cha jopo lolote. Andikeni kanuni za uraia wa bidhaa kuanzia toleo lijalo, na mjumbe akija kulalamika, mpeni jina langu.