Sola kwa mkopo yabadili biashara ya umeme Uganda

Kwa miaka mingi umeme nchini Uganda ulitolewa na shirika moja la serikali, UEB. Mwaka 2001 liligawanywa katika kampuni tatu: ya kuzalisha, ya kusafirisha na ya kusambaza. Usambazaji ulikabidhiwa kampuni binafsi, Umeme Limited, mwaka 2005, na ukarudi kwa kampuni ya serikali ya UEDCL mwaka 2025.

Kwa wasiofikiwa na nguzo, mabadiliko makubwa yamekuwa katika malipo. Fenix International, iliyoendesha shughuli zake kutoka Kampala, iliuza sola ndogo kwa mkopo uliolipwa kupitia MTN Mobile Money. Kampuni ya Engie ya Ufaransa ilitangaza kuinunua mwaka 2017.

Katika utaratibu huo mteja hutoa malipo ya awali, kisha hulipa kidogo kidogo kwa simu. Kila anapolipa hupata namba ya kufungua mtambo. Akichelewa, mtambo hujifunga. Akimaliza deni, mtambo huwa mali yake.

Mwenye duka hupata taa na kuchaji simu bila kununua mafuta ya taa. Hata hivyo, sola ya ukubwa huo haiendeshi mashine ya kusaga wala ya kuchomelea, hivyo kazi hizo bado hutegemea gridi au jenereta.

Kabla ya kusaini, mfanyabiashara anashauriwa kulinganisha jumla ya malipo yote na bei ya taslimu, na kuuliza dhamana ya betri ni ya muda gani.