Ngitili za Usukuma

Katika nchi ya Wasukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria, ambako mvua ni haba na ng'ombe ni mali, fahari na mahari, palikuwapo tangu zama za mababu desturi ya kutenga kipande cha malisho mara mvua zianzapo, na kukiharimisha kwa mifugo hadi kiangazi kikali, nyasi za kwingine zikiisha na ndama wakilegea magoti. Kipande hicho huitwa ngitili. Ilikuwapo ngitili ya mtu na ahali zake, na ya kijiji kizima. Na mpaka wake haukuwa seng'enge, bali neno lililopitishwa mbele ya wazee, na mwenye kulivunja alitozwa faini.

Waliosema kwamba Msukuma aliharibu nchi yake kwa tamaa ya mifugo walisahau nusu ya habari. Katika miaka ya 1920 na baadaye, serikali ya Kiingereza, ikiazimia kuwaangamiza mbung'o waliokuwa wakiua ng'ombe, ilihimiza watu wafyeke misitu. Mbung'o wakarudi nyuma kweli, na vivuli vikaenda pamoja nao. Kisha pamba ikadai mashamba, na majiko yakadai kuni. Na ilipowadia Operesheni Vijiji, katika miaka ya 1970, watu wakahamishwa mbali na makao yao ya asili, hata ngitili, ambayo mlinzi wake alikuwa jicho la jirani, ikabaki haina jirani.

Mwalimu Nyerere alipozuru huko mwaka 1984 aliuita mkoa wa Shinyanga, ulio katika nchi hiyo ya Wasukuma, jangwa la Tanzania. Miaka miwili baadaye ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, wakati ambapo ngitili zilizojulikana hazikuzidi takriban hekta 600. Mwanzoni bidii ilitiwa katika vitalu vya miche, maana bwana miti asipootesha hujiona hana kazi. Walakini wakulima walipoulizwa, waliwarudisha wataalamu kwenye neno lao la kale. Hapo dagashida, lile baraza la mila, likakaa na kuamua eneo gani lifungwe na lini lifunguliwe. Serikali ya kijiji ikayaandika maamuzi hayo kuwa sheria ndogo, na sungusungu, wale askari wa kijiji, wakawa walinzi wake. Ardhi ikiachwa ipumue, visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua vyenyewe, pasi na mche hata mmoja.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800; na waliozichunguza walihesabu ndani yake zaidi ya aina 150 za mimea na zaidi ya 140 za ndege. Mama mwenye nyumba alipata kuni karibu, na asali na dawa; na mwaka wa ukame, mchungaji alikuwa na akiba. Sisemi kwamba neema hiyo iligawanyika kwa insafu: mwenye ardhi kubwa alifunga ngitili kubwa, na asiye nayo alinunua majani kwa mwenzake, na jambo hilo mabaraza hayakulitibu.

Mwaka 2004 HASHI ilifikia ukomo wake. Ngitili zilibaki kwa wenyewe.