Kitanda Si Nyumba

Msomaji, wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maana yake, mgeni hupokewa kwanza, akapewa mahali pa kulala, ndipo akatakiwa kazi. Katika mji wa Nairobi mambo yalikwenda kinyume: mfanyakazi alipewa jembe siku ile ile aliyofika, bali mahali pa kulala alijitafutia mwenyewe.

Reli ilifika mahali pale mwaka 1899, na mji ukaota kando yake. Serikali ya kikoloni ilihitaji wapagazi, mafundi, makarani na watumishi wa nyumbani. Lakini iliwahesabu Waafrika kuwa watu wa kupita tu, watakaorudi makwao kazi itakapokwisha. Fikira hiyo moja ilizaa mambo mengi. Mtu wa kupita hahitaji nyumba, yamtosha kitanda. Kwa hiyo nyingi katika nyumba zilizojengwa kwa ajili yao zilikuwa vyumba vya wanaume kulala pamoja, kila mmoja akilipia nafasi ya kitanda chake. Mke na watoto walidhaniwa wamebaki shambani. Mshahara nao ulipimwa kwa kipimo hicho hicho, umtoshe mtu mmoja asiye na jamaa.

Waliojijengea wenyewe hawakuwa na salama. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wake wakaelekezwa kwenye majumba mapya ya Shauri Moyo. Yafikiri mwenyewe, msomaji, maana ya jina hilo.

Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilikiri kwamba mshahara wapasa kumtosha mfanyakazi pamoja na mkewe na watoto wake. Ile fikira ya mtu wa kupita ilianza kufa, ijapokuwa polepole.

Baada ya Uhuru wa 1963 watu walimiminika mjini. Nyumba za Serikali hazikutosha, na nyingi zilizidi uwezo wa maskini. Wakajenga vibanda vya mbao na mabati, navyo mara kwa mara vikabomolewa. Ndipo likaja shauri jipya. Mwaka 1975 Serikali ilipata mkopo wa Benki ya Dunia ili kupima viwanja 6,000 hivi huko Dandora, upande wa mashariki wa mji. Mtu hakupewa nyumba kamili. Alipewa kiwanja chenye choo, bafu na maji ya mfereji, na mkopo wa kununulia vifaa. Vyumba ajenge mwenyewe kadiri ya uwezo wake.

Shauri hilo lilikuwa la busara, kwa kuwa lilimtambua maskini kuwa ni mjenzi. Hata hivyo, wengi waliopata viwanja walijenga vyumba wakavipangisha, na baadaye maghorofa yakapanda juu yake. Tusiwalaumu upesi, kwani kodi ya mpangaji ndiyo iliyomsaidia mwenye kiwanja kulipa deni lake. Lakini yule aliyekuwa maskini kuliko wote alibaki mpangaji, kama alivyokuwa tangu mwanzo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Mwaka 2024 ikapitishwa Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu, iliyomtaka mfanyakazi atoe asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri atoe kiasi hicho hicho. Basi nyumba hizo ni mali ya jasho la wengi, na wengi wana haki ya kuuliza habari zake.

Kwa hiyo, msomaji, uonapo jengo jipya likipanda, usihesabu ghorofa zake tu. Uliza ni nani atakayeingia humo. Uliza malipo ya kila mwezi yatamwachia nini cha chakula na karo. Uliza pia kama baada ya miaka kumi utamkuta angali mle ndani pamoja na wanawe. Wakoloni walihesabu vitanda, wakasahau jamaa; sisi tusihesabu milango, tukamsahau apasaye kupewa ufunguo.