Vipodozi vya ngozi wakati wa ujauzito

Usalama wa vipodozi kwa mjamzito hutegemea kiasi cha kemikali kinachopenya ngozi, kuingia katika damu ya mama na kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Kiasi hicho hutofautiana mno. Asidi ya azelaiki, inayotibu chunusi, hupenya kidogo tu. Haidrokinoni, inayochubua ngozi, hupenya kwa asilimia 35 hadi 45. Ukubwa wa sehemu inayopakwa nao una uzito wake: dawa inayotiwa juu ya chunusi moja hailingani na krimu inayosuguliwa mwili mzima asubuhi na jioni.

Katika Afrika Mashariki hatari kubwa imo katika mkorogo, yaani krimu, losheni na dawa za kuchubua zinazochanganywa nyumbani au saluni na kuuzwa katika kopo lisilo na lebo. Anayeununua hana njia ya kujua kilichomo, na hapo ndipo ubaya wake unapoanzia. Mara nyingi ndani yake mna haidrokinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi ya aina hiyo ikitumika kwa wingi imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Pia huikondesha ngozi ya mama, na kidonda cha upasuaji wa uzazi huchelewa kupona.

Zebaki huizuia ngozi kutengeneza melanini, kisha hujikusanya katika figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wazima waliokuwa wakipoteza protini nyingi kwenye mkojo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kuchubua zenye zebaki. Kwa mjamzito jambo hili lina utata wa pekee: kuvimba miguu na protini kwenye mkojo ni dalili zilezile ambazo kliniki huziangalia kwa hofu ya kifafa cha mimba, hivyo chanzo halisi kinaweza kupita bila kutambuliwa. Zebaki huvuka pia kondo la nyuma, na ubongo wa mtoto unaokua ndio unaodhurika kwa urahisi zaidi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipanga vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni viondolewe ifikapo 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukifuta hata kiwango hicho.

Wengi huanza kujichubua kwa sababu ya madoa meusi ya mashavuni na kwenye paji la uso yanayoletwa na homoni za mimba, yaitwayo melasma. Mara nyingi madoa hayo hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Kinachofaa ni kujikinga na jua kwa kofia, mtandio na krimu yenye oksidi ya zinki.

Dawa za chunusi za jamii ya vitamini A zina hukumu yake. Isotretinoini ya kumeza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, huharibu masikio, moyo na ubongo wa mtoto tumboni, na mjamzito haruhusiwi kuitumia kabisa. Za kupaka, kama tretinoini na retinoli, hupenya kidogo, ila huachwa kwa tahadhari kwa kuwa chunusi inaweza kungoja au kutibiwa kwa benzoili peroksidi.

Katika pwani ya Waswahili hina halisi ya majani kwa kawaida haina tatizo, isipokuwa kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao chembe zao nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Piko ni jambo jingine: hutengenezwa kwa rangi ya nywele, na inaweza kuleta malengelenge na mzio wa kudumu.

Mafuta ya nazi, gliserini na vaselini havina madhara yanayojulikana kwa mimba. Hulainisha ngozi na kupunguza mwasho wa tumbo linalotanuka, ingawa hakuna ushahidi madhubuti kwamba huzuia michirizi.

Mjamzito aliyekwisha kutumia mkorogo anapaswa kumwambia mkunga mapema na kwenda na kopo lenyewe. Zebaki hupimwa kwenye mkojo, na aliyepaka steroidi kali kwa muda mrefu huhitaji uangalizi wa daktari anapoiacha, kwani mwili wake huenda umepunguza kutengeneza homoni yake ya asili.