Django: Fremuweki Iliyozaliwa Gazetini
Django, fremuweki ya kujengea programu za wavuti kwa lugha ya Python, ilizaliwa katika chumba cha habari. Mwaka 2003, Adrian Holovaty na Simon Willison, waandaaji programu wa gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, waliiacha lugha ya PHP na kuhamia Python. Hawakukusudia kutengeneza fremuweki. Zana zilizokuwepo hazikuwatosha, na gazeti lilitaka kurasa mpya kwa siku chache, pengine saa chache. Kazi iliyojirudia katika kila tovuti, kama kusoma hifadhidata na kupanga anwani za kurasa, ikakusanywa mahali pamoja. Sehemu ya usimamizi, ambamo mhariri asiyejua kuandika msimbo huingiza habari na kuisahihisha mwenyewe, inabeba wazi alama ya gazeti, na ndiyo iliyo bora kuliko zote.

Julai 2005 Django ilitolewa bure kwa umma, kwa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Tangu hapo sababu za kuanza kila tovuti kutoka mwanzo zilipungua mno. Instagram, iliyozinduliwa 2010, ilijengwa juu yake. Hata hivyo, mwaka huohuo Armin Ronacher alitoa Flask, fremuweki ndogo inayomwachia mjenzi achague mwenyewe hifadhidata na mengineyo.