Maikrofoni ya Albamu Yetu ya Kwanza

Tulipoamua kurekodi albamu ya kwanza, kamati iligawanyika. Vijana walitaka maikrofoni ya kondensa, inayotumia umeme wa volti 48 na kunasa hata pumzi. Tuliazima moja, tukaimba humu kanisani. Ikanasa mvua juu ya mabati, kuku na bodaboda. Basi pesa za harambee zikanunua Shure SM58 mbili, za aina ya dainamiki, ambayo hunasa hasa sauti iliyo karibu. Tukasongamana. Soprano waliambiwa warudi nyuma, na wengine wao walinuna hadi Pasaka. Mwalimu wetu wa kwanza, sasa marehemu, alisimama karibu mno, anasikika akihesabu, "Moja, mbili." Fundi alitaka kuikata sehemu hiyo. Tulikataa.